Waya Mnene Kutoka Ntoto

Siku ya kuniaga, mafundi wenzangu mlinizawadia birika la umeme. Ni birika zuri la chuma kinachong'aa, na linadai volti mia mbili na ishirini. Mimi maisha yangu yote ya kazi nimeyamaliza kwenye volti kumi na mbili. Nilishukuru, nikapiga picha pamoja nanyi, nikalifunga ndani ya mfuko. Sasa liko dirishani hapa Kirolirwe, na mke wangu ametia maua ndani yake. Siku ile mliniuliza kazi hii niliijuaje, nami nikajibu kwa mzaha kwa sababu chakula kilikuwa kinapoa. Jibu lenyewe ni hili. Lina aibu kidogo kuelekea mwisho, kwa hiyo lisomeni mkiwa mmekaa.

Nilianzia Ntoto, msituni Walikale, kwenye foni. Ninyi mmezaliwa na simu mkononi, acha niwaeleze. Foni ilikuwa redio kubwa ya kuzungumzia, na kabla ya simu kufika ndiyo ilikuwa mdomo na masikio ya kijiji. Mgonjwa akizidiwa, gari likikwama, mtoto akizaliwa mbali na baba yake, habari ilipita hapo. Redio yenyewe ilikula umeme wa betri mbili za gari, na betri zilikula jua kutoka kwenye paneli moja. Jua likikosa siku tatu, kijiji kizima kilianza kuniangalia kana kwamba mawingu ni ya kwangu.

Aliyenifundisha aliitwa Papa Mupenda. Alikuwa mwindaji kabla ya kuwa fundi, na hata alipovaa koti la kazi aliendelea kutembea bila kusikika, hata ukageuka na kumkuta nyuma yako akiangalia kosa lako. Siku ya kwanza nilifika na viatu vilivyong'aa na diploma ndani ya bahasha. Aliisoma diploma taratibu, ukurasa wa mbele na wa nyuma ambao haukuwa na kitu.

"Iyi karatasi iko muzuri," akasema. "Inajuaka kupanda muti?"

Antena ilikuwa juu ya mti. Nilipanda. Viatu havikung'aa tena mwaka ule.

Juma la kwanza alinituma nimwekee taa muuguzi wa zahanati. Nilichukua waya mwembamba, kwa sababu ulikuwa mwepesi kubeba, nikauvuta kutoka kwenye betri hadi chumba cha mwisho. Taa ikawaka rangi ya chai iliyopoa. Nikabadilisha taa, nikasafisha betri, nikamlaumu aliyetengeneza taa. Papa Mupenda alikuwa tayari nyuma yangu.

"Kuraa ya kumi na mbili iko kama mama mwenye kubeba maji mu ndoo ya kutoboka," akaniambia; umeme yeye aliuita kuraa. "Njia ikikuwa fupi, anafika na maji. Njia ikikuwa murefu, anafika na ndoo. Usigombeze mama. Umupe ndoo ya muzuri."

Ndoo nzuri ni waya mnene. Hilo ndilo somo zima la volti ndogo, mengine yote ni maelezo. Pale Ntoto miti ilitufunika, ikatubidi kuweka paneli kwenye shamba lililofyekwa, hatua arobaini kutoka kwenye chumba cha foni, na hapo katikati Papa Mupenda alitandaza waya mnene kama kidole, mweusi, wa shaba tupu ndani. Aliupenda waya ule kuliko baadhi ya jamaa zake. Jioni alikuwa akiufuata kwa miguu kutoka mwanzo hadi mwisho, akiutazama kama kuna kitu kimeutafuna.

Kulikuwa na mambo mengine mawili aliyonifundisha, na yote mawili yatarudi, kwa hiyo msiyasahau. La kwanza ni ubao. Chumba cha foni kilikuwa na ubao mmoja wenye swichi zote, ukiwa karibu na kiti cha mwendeshaji, na mtu mwingine haruhusiwi kuugusa. Mgeni mmoja aliwahi kutundika kofia yake kwenye swichi kubwa, tukawa bubu nusu siku. Tangu hapo sheria ikawa kali: swichi zote mahali pamoja, mkononi mwa mtu mmoja.

La pili ni makaa. Hatukuwa na chuma cha kulehemu cha umeme. Tulikuwa na kipande cha shaba chenye mpini wa mti, na kilipashwa moto kwenye makaa. Kwa hiyo kila kazi, popote nilipokwenda, ilianza kwa kusimama mlangoni mwa jiko la mama fulani na kusema, "Mama, unisaidie na makala kidogo." Alinipa, na mara nyingi alinipa na kiazi. Nililehemu waya zangu, nikawasha taa, wenye nyumba wakafurahi, nikaenda zangu. Nadhani hakuna fundi Walikale na Masisi aliyekula viazi vya watu kama mimi.

Miaka ilivyokwenda nilihamishwa huku na huku. Panya wa Walikale walinifunza kupitisha waya ndani ya mianzi, kwa sababu panya wa kule wanapenda plastiki ya waya kuliko mahindi. Kanisa moja lilinifunza kwamba kipaza sauti na taa za madhabahu havipatani kwenye betri moja: mchungaji akipandisha sauti, taa zilififia, waumini wakadhani ni Roho. Mchungaji hakutaka nitengeneze.

Kazi iliyonichekesha zaidi ilikuwa ya mfugaji mmoja, huku huku upande wa Kirolirwe. Alitaka taa kwenye zizi, akamue kabla hakujapambazuka. Niliweka taa nzuri, nikaificha ndani ya mwanzi, nikafunga fyuzi. Alfajiri ng'ombe walifika mlangoni, wakaiona, wakakataa kuingia. Walisimama kwenye ukungu wakitutazama. Mfugaji akavua koti lake akaifunika taa, ng'ombe wakaingia, akakamua gizani kama baba yake. Baada ya mwezi nilipita tena akaniambia wamezoea, na sasa taa ikizimwa hawaingii.

Kila taa niliyowasha niliiandika kwenye daftari: kijiji, chumba, unene wa waya, urefu wake. Ilikuwa amri ya Papa Mupenda, eti ukirudi kutengeneza usianze kupapasa. Daftari lilijaa, likafuata la pili na la tatu.

Kisha simu zikafika, foni ikafungwa, na ule waya wa Ntoto ukang'olewa. Papa Mupenda aliukunja mwenyewe, bunda zito, akaniletea begani.

"Njo pansio yangu iyi," akasema, yaani hiyo ndiyo pensheni yake. "Mi sina fasi ya kuiweka. Siku moja utajenga nyumba yako, utaitia mule."

Alikufa mzee, kitandani mwake, na taa ya juu ya kitanda kile ni mimi niliyeiweka. Iko kwenye daftari la pili.

Sasa nifike kwa Mama Sifa. Sifa ni binti yetu wa kwanza, na mke wangu anaitwa kwa jina hilo kama ninavyoitwa mimi Papa Sifa. Alinifuata Ntoto, akanifuata Walikale, akanifuata Masisi, kila mahali nyumba ya kupanga, kila mahali kibatari. Kila aliponiuliza kuhusu taa nilimwambia kesho. Sikuwa nikidanganya. Niliamini kabisa kwamba kesho ipo, na kwamba kwetu panaweza kungoja kwa kuwa ni kwetu. Ukiwasha taa za watu mwaka mzima, unarudi nyumbani hutaki hata kuiona koleo.

Nilipostaafu, kaka zake walimwachia nyumba ya marehemu baba yao hapa Kirolirwe. Baba yao alikuwa seremala, na nyumba aliijenga kwa mawe chini na mbao juu, mbao mbili mbili ili baridi isipenye. Lakini tulivyokuwa tukikimbia vita na kurudi, kukimbia na kurudi, kila aliyepita alibeba kitu: milango, madirisha, hata bawaba. Zilibaki kuta, paa, na jiko lililosimama peke yake nyuma ya nyumba, hatua thelathini, kama majiko yote ya huku.

Mama Sifa aliizunguka nyumba mara moja. Halafu akasema.

"Papa Sifa, mi nilikuwa nakaaka mu giza yako tangu tuoane. Mu nyumba ya baba yangu, apana. Nitaingia siku iko na mwangaza. Sasa hivi naenda Sake kwa dada yangu."

Akapanda pikipiki, akaenda. Hakupandisha sauti, na hilo ndilo lililonitia woga. Mwanamke aliyenifuata msituni miaka yote ile alikuwa ameacha kunifuata, na nilijua kwamba nikimwambia kesho mara moja zaidi, atakaa Sake hadi mmoja wetu azikwe.

Nikaanza kazi peke yangu. Niseme kweli, nilifurahi. Hakuna mkubwa, hakuna ripoti, ni mimi na nyumba. Niliweka milango na madirisha. Nilipanda paani, nikafunga paneli. Betri niliiweka ukumbini ndani ya sanduku la mbao lenye matundu, maana betri nayo inataka kupumua. Mbao za baba mkwe zilikuwa zimekauka hadi msumari unapinda, nikatoboa kila tundu kwa mkono. Kati ya mbao na mbao nilikuta magunzi ya mahindi ya panya wa zamani na mwiko mmoja wa mtoto. Nilipitisha mianzi, na ndani ya mianzi nikapitisha waya. Ule waya mnene wa Ntoto niliupa heshima yake: kutoka kwenye betri, juu ya dari, kuzunguka nyumba nzima, hadi kwenye kona ya sebule ambapo niliweka kiti changu. Hapo nikafunga ubao wenye swichi sita, kila swichi na jina lake kwa kalamu. Nilikaa kwenye kiti nikaziwasha moja moja. Nilitamani Papa Mupenda aje asimame nyuma yangu.

Mama Sifa alikuja Jumamosi baada ya soko la Sake, akiwa na kikapu. Alimwambia dereva wa pikipiki amngojee. Jambo hilo nililiona lakini sikulitilia maanani. Nilimkalisha sebuleni, nikakaa kwenye kiti changu, nikawasha sebule, nikawasha baraza, nikawasha vyumba.

Alitazama juu, akatabasamu kweli kweli. Halafu akatazama ubao.

"Swichi zote ziko pa kiti yako?"

"Njo vile tulikuwa tunafanyaka ku foni."

"Sawa. Nikiamka asubui, nataka kuona viatu yangu mu chumba, nakuja apa sebuleni mu giza, nawasha, narudia chumba?"

"Utaniambia, nitawasha."

"Nitakuamsha ili uniwashie taa ya kuona viatu."

Nilisema nitarekebisha, ni kazi ya siku mbili. Alisema sawa, na bado alikuwa anatabasamu. Akasimama, akapitia kila chumba, akatoka mlango wa nyuma. Aliporudi tabasamu halikuwepo.

"Na jikoni?"

"Jikoni iko na moto," nikamjibu.

Nataka mjue kwamba nilijibu hivyo bila kufikiri, kama mtu anavyotaja jina lake. Mama Sifa akaokota kikapu chake.

"Papa Sifa, uliwashaka taa mu jiko ya muntu hata moja?"

Hakungoja nijibu. Pikipiki ilikuwa bado na joto.

Nilikasirika siku mbili. Nilijiambia mwanamke huyu hana shukrani, nimempa taa sita anatafuta ya saba. Nilihamisha swichi kwenye milango ya vyumba nikiwa na hasira, na kazi ya hasira ilikuwa nzuri kuliko ile ya furaha. Siku ya tatu ikabidi nilehemu maungio ya waya, nikabeba kile chuma changu cha shaba kwenda kupasha moto. Nikafika mlangoni mwa jiko, na mdomo wangu ukafunguka wenyewe kusema, "Mama, unisaidie na makala." Hakukuwa na mama.

Ilikuwa adhuhuri, jua la wazi. Niliingia mle ndani, na hatua mbili tu kutoka mlangoni sikuona mikono yangu. Jiko la huku halina dirisha, lina matundu ya moshi juu, na kuta zake zina masizi ya miaka arobaini yanayokunywa kila mwanga unaoingia. Nikawasha kuni. Mwanga wa moto ulimulika mafiga na magoti yangu, si zaidi. Moshi ukanikamata macho. Nikaweka chuma kwenye makaa, nikageuka kutafuta risasi ya kulehemu, nikapapasa, nikashika chuma upande wa moto.

Nilikaa kwenye kigoda na kidole changu mdomoni. Majiko yote niliyosimama mlangoni yalinijia, moja baada ya jingine, na mikono iliyonipa makaa na viazi. Nilikuwa naona mikono tu. Nyuso zilikuwa gizani, na mimi, fundi wa taa, sikuwahi kujiuliza kwa nini.

Niliingia ndani nikafungua madaftari matatu, nikapitisha kidole kizima kwenye kila mstari. Sebule. Chumba cha kulala. Chumba cha kuzalishia. Ofisi. Kanisa, madhabahuni. Baraza. Zizi. Zizi, jamani. Ng'ombe wa Kirolirwe wana mstari wao kwa mwandiko wangu, na urefu wa waya wao. Jikoni hakuna. Si moja, tangu Ntoto. Niliona haya peke yangu ndani ya nyumba, hata nikafunga mlango.

Kesho yake nikaanza. Waya uliobaki ulikuwa mwembamba, vipande vipande, nikaviunga hadi vikafika jikoni, nikafunga taa mbili, moja juu ya mafiga na moja juu ya mahali pa kutwangia sombe, majani ya muhogo. Zikawaka rangi ya chai iliyopoa. Testeri ikasema volti tisa. Mzee mzima, nimerudi juma la kwanza la kazi, na ndoo imetoboka vile vile.

Waya mnene mmoja tu ulikuwepo, na ulikuwa umelala darini ukielekea kwenye kiti changu. Swichi nilizihamisha, na taa za vyumba sasa zilipata umeme moja kwa moja kutoka kwenye betri, lakini ubao niliuacha pale, na juu yake nilikuwa nimeweka ile foni ya zamani iliyokufa, kwa kumbukumbu, na taa ndogo ya kuimulika. Halafu nikapanda darini, nikauvuta waya wa Ntoto wote, nikaugeuza, nikaupitisha ndani ya mianzi mipya hatua thelathini hadi jikoni. Foni ikabaki gizani, na sikusikia ikilalamika. Testeri ikasema kumi na mbili na kidogo.

Ikabaki swichi. Nilishika swichi mkononi nikasimama mlangoni mwa jiko, nikagundua sijui pa kuifunga. Sebuleni najua, ofisini najua, zizini najua. Lakini mke wangu anaingiaje jikoni? Anaanza na mkono gani? Nimeishi naye miaka yote hiyo na sijui. Nikaiacha inaning'inia kwenye waya wake, nikampigia simu.

"Mama Sifa, kuya unionyeshe fasi."

"Fasi ya nini?"

"Ya swichi."

"Wewe unajuaka fasi ya swichi tangu ujana yako."

"Iyi hapana. Iyi ni ya jikoni."

Akasema, "Nakuya," na hakungoja Jumamosi.

Alifika kesho yake mchana, pikipiki ikamngojea nje. Nilimwambia aingie jikoni kama anavyoingiaka siku zote, mimi nitaangalia. Alidhani ni mchezo. Kisha akaenda kisimani, akajaza sufuria kubwa, akarudi nayo mikono miwili, amebana mwiko kwapani, akausukuma mlango kwa nyonga. Hapo nikaona. Mkono mtupu haukuwepo. Ningeifunga pale ninapofunga zote, usawa wa bega, angehitaji kuweka sufuria chini kila mara ili awashe taa.

"Kiwiko," nikasema.

"Njo kiwiko," akasema. "Ulifikiri tunaingiaka na mikono ya bure?"

Akatua sufuria, akapaka dole gumba masizi ya ukutani, akabonyeza alama nyeusi kwenye mhimili wa mlango, chini kabisa kuliko swichi yoyote niliyowahi kufunga. Niliifunga pale pale. Akachukua tena sufuria, akatoka, akaingia upya, akagusa kwa kiwiko.

Jiko lote likaonekana. Alizunguka akitazama kuta, mafiga, pembe ambazo mama yake alipapasa na hakuziona. Macho yake yakajaa machozi, na safari hii haukuwa moshi. Mwisho akanigeukia.

"Papa Sifa, kumbe uko na mvi mingi hivi."

Akashika kidole changu chenye malengelenge, akakiangalia chini ya taa, akauliza nilifanya nini. Nilimweleza. Alicheka hadi akakaa kwenye kigoda. Kisha akatoka mlangoni, akamwambia dereva wa pikipiki, "Enda, papa. Begi yangu utaniletea kesho."

Wadogo zangu, hii ndiyo aibu niliyowaahidi. Mkifika kwa watu kuomba makaa, msibaki mlangoni. Ingieni. Mwambieni mama aingie na sufuria yake, mwangalie kiwiko chake kiko wapi, ndipo mfungue sanduku la vifaa.

Jioni ile nilileta daftari la tatu jikoni, kwa sababu pale ndipo pana taa nzuri kuliko zote nyumbani. Nikaandika: Kirolirwe, jikoni, taa mbili, waya mnene wa Ntoto, hatua thelathini, swichi usawa wa kiwiko. Mama Sifa alikuwa anakoroga bugali nyuma yangu, na sikumsikia akisogea.

"Andika na jina ya mwenye alionyesha fasi," akasema.

Nikaandika.